Ukurasa Mmoja kwa Siku

Mwaka 1991, mkokoteni uliojaa magunia ya viazi ulimponyoka Tsofa kwenye mteremko wa soko la Kongowea, ukamgonga mgongo. Alikuwa hamali pale sokoni kwa miaka kumi na miwili. Aliporudi kutoka hospitali, alilazwa kwenye kitanda cha kamba katika chumba chao cha kupanga, Kisauni. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na hisi.

Alikuwa na kitabu alichokipenda tangu darasa la saba, kisa cha kweli cha baharia ambaye meli yake ilizama, akaelea kwenye mashua siku sitini na moja. Baharia yule hakushindana na bahari. Asubuhi alipiga makasia, jua likiwa kali akalala, na maji alikunywa mafunda mawili tu hata kiu ikimkaba. Tsofa naye alivuta mkokoteni hivyohivyo, kwa kipimo, wenzake wakimcheka.

Sasa hakuwa na la kufanya ila kumfundisha mkewe Kafedha kusoma kwa kitabu kile, maana Kafedha aliachia shule darasa la pili. Walisoma ukurasa mmoja kwa siku, akitoka kuuza mchicha.

Mwezi wa saba wa masomo hayo, Kafedha alipokuwa akitandika kitanda, aliikuta chini ya mto karatasi waliyotoka nayo hospitali. Muuguzi alimwandikia Kafedha, kwa Kiswahili, hali ya mumewe na namna ya kumgeuza mgonjwa asitokwe na vidonda. Wakati ule Tsofa ndiye aliyemsomea. Leo akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi. Tsofa alitaka kumpokonya, mkono haukufika.

"Ha-ta-te-mbea tena." Kafedha akarudia mara ya pili. "Mume wangu, si uliniambia imeandikwa kabla ya mwaka kwisha utasimama?"

"Niliogopa utarudi kwenu."

"Nami kila siku nangoja usimame!"

Tsofa alitamani atoke nje, amwachie chumba alie peke yake. Hata hilo hakuliweza.

Kafedha hakulia. Alimgeuza ubavu wa pili, maana saa yake ilikuwa imefika, akatoka. Siku tisa walisemezana ya lazima tu: maji, uji, geuka. Siku ya kumi Kafedha akakaa kitandani, akafungua kitabu, akasoma bila kumtazama. Tsofa akamsahihisha neno moja.

"Najua," Kafedha akasema, akaendelea.

Hakurudi kwao. Kufikia 1996 alikuwa akisoma hata magazeti ya kufungia mboga, bila kusita. Tsofa alikuwa bado kitandani palepale, na hakuwahi kuthubutu kumuuliza kama alimsamehe.