Bolti Nne za Baba

Juzi binti yangu alinisikilizisha kwenye simu yake piano inayolia kama masufuria. Yeye alicheka. Mimi nilinusa grisi. Utamwambiaje mtu kwamba umenusa grisi ndani ya simu? Nikamficha, kama nilivyomficha baba siku ile Kibenga. Nyinyi nawaambieni.

Baba alikuwa fundi makanika mtaani kwetu Jabe, Mwislamu asiyekosa sala. Kila bolti yake aliitia tone la rangi nyekundu, maana gereji ilikuwa ya wengi na mikono ilikuwa mingi. Kila Jumamosi alikwenda Kibenga, mtaa wa wenye nacho, kutunza jenereta ya mama mmoja Mmarekani, mpiga piano, nami nilimfuata. Yeye akibaki nje na makelele ya jenereta, mimi sebuleni nilifundishwa na mama huyo kuweka vidole kwenye piano. Nilikuwa na miaka tisa, na sikutaka kitu kingine duniani.

Yule mama alipenda muziki mpya wa kwao. Mtunzi haandiki noti tu, anaandika pia vitu vya kuchomeka katikati ya nyuzi za piano: skrubu hapa, kipande cha mpira pale, bolti kule, hadi piano ilie kama masufuria. Kwa wiki mbili aliviweka, akisikiliza uzi mmoja mmoja, ili awapigie wageni wake Jumapili. Zilipungua bolti nne. Nikaziiba kwenye sanduku la baba, nikampelekea.

Jumamosi, mkesha wa wageni, alitoka kwenda mjini akamwachia baba atengeneze pedali ya piano iliyokuwa ikikwaruza. Baba alifunua piano, akashika kiuno.

"We mutoto, nani aliharibu chombo ya madame hivi?"

"Mi sijui, baba."

Ningesema. Lakini angeuliza bolti zimetoka wapi, na masomo yangu yangeishia hapo. Baba aling'oa kila kitu, akapangusa nyuzi, akapanga vyuma juu ya gazeti kwa ukubwa wake, huku akirudia msemo wake: "Mashine hailiake bure, kuna kitu iliingia." Alipofika kwenye zile nne alisimama kidogo, kisha akazitia mfukoni.

Madame alirudi, akabonyeza. Piano ikalia safi kabisa. Alipiga kelele, akalia machozi, akamwita baba mjinga mbele ya mpishi wake. Kisha akanigeukia: "Na wewe ulijua! Hukumwambia?"

Baba alinitangulia kujibu.

"Aliniambia, madame. Ni mi sikusikia. Pardon."

Tulirudi Jabe kwa miguu. Kibenga hakuitwa tena, na habari ya fundi aliyeharibu piano ilimfuata hadi gereji, wenzake wakamtania nayo miaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimnunia. Nilijiambia jenereta imemla masikio, hata hakumbuki kwamba sikumwambia kitu. Nikamlaumu kwamba mikono yake ndiyo iliyoninyima piano.

Nilikuja kuelewa siku binti yangu aliponiibia pesa, jirani akamkamata nazo, nami nikamdanganya jirani kwamba nilimpa mwenyewe. Tone lile jekundu baba aliliona. Alijua mwizi ni nani tangu alipozitia mfukoni, akaona afadhali yeye aitwe mjinga kuliko mimi niitwe mwizi. Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia nao.

Wakati huo alikuwa ameshazikwa. Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwomba radhi.