Makuti ya Saidi Niliyashona Mimi

Nimekosa, na niliyemkosea ni mwanangu wa kumzaa. Naandika kwa sababu kumwambia jirani nimeshindwa. Shule niliishia darasa la pili, mnivumilie.

Tulipohamishiwa kijiji kipya, huku upande wa Somanga, Saidi alishakuwa kijana wa kuoa. Mkono wake wa kushoto umepooza tangu utotoni. Kamati ikampa kazi ya kushona makuti ya kuezekea majengo ya kijiji, zahanati na ghala. Mwenyekiti akasema akiiweza atapewa kiwanja chake, kama vijana wenzake. Mwenyekiti simlaumu hata kidogo. Alimwona mtu kama watu wengine.

Basi Saidi akawa anashona barazani, ufito kaubana kwa goti, anakunja majani na kupitisha ukindu wa kushonea kwa mkono mmoja. Ukindu ulilegea. Nikaona, watamcheka huyu, na kiwanja atakikosa.

Kila alfajiri akitoka kwenda msikitini, na kutoka huko kwenda kukata majani, mimi nafumua makuti yake, nashona upya, narudisha kwenye lundo. Miezi mitano! Naye anajisifu, "Mama, umezaa fundi." Nami nacheka naye. Labda ilikuwa huruma. Labda nilitaka sifa ya mwana fundi. Mpaka leo sijui.

Kiwanja akapata. Akajenga chumba kimoja mwisho wa kijiji, akashona makuti yake hukohuko, wenzake wakamwezekea. Mvua kubwa ya kwanza, paa likaachia.

Asubuhi nikamkuta kasimama katikati ya chumba, mkeka umelowa chapachapa, vijana wamejaa mlangoni.

"Fundi, umehamia mtoni?" mmoja akamtania.

Saidi akageuka. Akanitazama mimi. "Mama, mbona yale ya zahanati hayavuji?"

Nikamwambia yote, mbele yao. Hata hapo nilikosea, ningengoja waondoke.

 Akasema, "Nionyeshe basi moja. Moja tu lililokuwa langu."

Nikatoka kweli, nikazunguka zahanati, nikazunguka ghala, naangalia juu kama mwendawazimu. Halikuwepo.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Saidi alianza upya peke yake, ukindu akaukaza kwa meno. Wiki mbili tu, makuti yakakazika kuliko yangu. Wiki mbili! Ningemwambia siku ile ya kwanza kwamba yamelegea, angenuna siku moja, yakaisha.

Wewe mwenye mwana kama wangu, kazi yake ikiwa mbaya mwambie ni mbaya, umwache airudie mwenyewe. Usimfichie.

Mimi siku hizi nikimpelekea chakula, yeye hufunika kwanza lundo lake la makuti kwa mkeka, ndipo aniambie shikamoo.