Mgongo wa Wavuni

Mpaka leo ukimwuliza dada yake kazi ya mdogo wake ni nini, atakuambia, "Anacheza tenisi, ila si peke yake," na hapo atashusha sauti kidogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Na kweli hakuwahi kucheza peke yake. Pale alipojifunzia palikuwa na uwanja mmoja tu wa saruji, wenye ufa katikati, na watoto ishirini na sita wanaoutaka. Mwalimu, mzee mwenye filimbi na subira fupi, hakuwa na mchezo na mtu: wanne wanne, dakika kumi, tokeni, waje wengine. Aliyetaka uwanja wote uwe wake aliambiwa akajenge kwao. Basi huyu wetu akakua akiijua robo ya uwanja, upande wa kushoto, mbele, karibu na wavu, kwa sababu alikuwa mrefu na mbio hakujaliwa. Wenzake wakamwita Wavuni. Jina likamganda, na miaka ilivyokwenda hata mama yake akaacha lile alilompa mwenyewe.

Akawa mchezaji wa kulipwa wa tenisi ya wawili wawili. Siku zake nzuri kabisa alifika nafasi ya mia moja na kumi na mbili duniani. Sasa hebu fikiria fundi cherehani wa mia moja na kumi na mbili duniani! Mtaa mzima ungemsimamia akipita. Lakini tenisi ina roho mbaya. Mtu wa mia moja na kumi na mbili huchezea uwanja wa nyuma kabisa, ule wa jirani na maegesho ya magari, na watazamaji wake ni mke wa mpinzani na mtu aliyepotea njia akitafuta choo.

Maisha yake yote ya ukubwani yalipita kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wanaongea chumba cha pili lakini hujui wanasema nini. Vyumba vya hoteli vilifanana: zulia la kahawia, pazia lisilofunga vizuri, birika la umeme lenye waya mfupi. Alikuwa akiamka na kupapasa ukuta, anatafuta swichi ya taa ya chumba cha wiki iliyopita. Hakuikuta. Akikaa kitako kitandani hivi, hajui yuko mji gani wala ni siku gani, alitazama kitanda cha pili, akaona miguu miwili mikubwa imetokeza nje ya shuka, na moyo ukatulia. Miguu ile ilikuwa ya Nyundo. Miguu ikiwepo, basi yuko kazini na mambo si mabaya.

Nyundo alikuwa mwenzake kwa miaka kumi na tano. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita na alimwita kaka. Jina alilipata kwa namna alivyoupiga mpira wa kuanzia. Kwa maneno alikuwa bahili kupita kiasi. Mtu ungeweza kusafiri naye siku nzima, ukashuka na sentensi mbili tu, na moja ya hizo ni "dirisha lifungwe."

Kwenye tenisi ya wawili, mmoja anaanzisha mpira akiwa nyuma, mwingine anasimama mbele wavuni, amempa mgongo. Kabla mpira haujapigwa, yule wa mbele anapeleka mkono nyuma ya kiuno ili wapinzani wasiuone, anatoa ishara. Ngumi ni kusema nabaki hapa hapa. Kiganja wazi ni kusema navuka, naacha upande wangu, nizibie. Yule wa nyuma anaitikia, na wengi husema "sawa" au "ndiyo" kwa sauti ndogo. Kisha mpira unapita sikioni mwako kwa kasi ya kutisha, na hapo kugeuka ni mwiko. Ukigeuka umeuza siri, tena jicho lako ni halali ya mpira.

Kwa hiyo Wavuni aliujua mpira wa Nyundo kwa masikio. Ulidunda mara tatu, kiatu kikakwaruza, pumzi ikavutwa, halafu ukatokea mlio kama mlango uliopigwa na upepo. Mazoezini alimwona akipiga, ndiyo, lakini mazoezini hakuna ishara na hakuna wa kuficha. Kwenye mechi hakuwahi kumwona hata mara moja.

Na Nyundo hakuitikia kamwe. Ngumi, kimya. Kiganja, kimya. Miaka ya mwanzo Wavuni alilalamika. "Si unijibu basi? Nasimama pale kama nguzo, sijui umeona au hukuona."

"Tumekosana lini, kaka?" Nyundo akamwuliza, na huo kwake ulikuwa ni mhadhara.

Ni kweli hawakuwahi kukosana. Alipovuka, Nyundo alikuwa ameshaziba. Alipobaki, Nyundo alibaki. Lakini mtu anapenda kuitikiwa. Wavuni aliumia na jambo hilo kimya kimya, zaidi ya alivyoumia kwa mechi walizopoteza, na hakumwambia mtu isipokuwa dada yake, kwenye simu. Dada akamjibu, "Na bado hujaniambia lini utacheza peke yako."

Halafu bega likamharibikia. Alikaa miezi saba bila kushika raketi, na aliporudi jina lake lilikuwa limeporomoka hadi mia tatu na arobaini na kitu. Kwenye mchezo wa wawili, nafasi ya mmoja hujumlishwa na ya mwenzake, na jumla ikiwa kubwa mnabaki nje. Nyundo alikuwa na nafasi nzuri kuliko wakati wowote wa maisha yake, lakini Wavuni alimning'inia shingoni. Mashindano manne mfululizo walikaa kwenye benchi la wanaosubiri, mikoba miguuni, wakiomba kwa dhati kabisa mchezaji mmoja apatwe na tumbo la kuendesha. Matumbo ya watu wale yalikuwa mazima ajabu.

Mashindano ya tano, karani alibandika orodha asubuhi. Wao walikuwa wa tatu kati ya wanaosubiri. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa saa sita mchana. Pale mezani Wavuni akasikia habari nyingine: Mshoto, kijana mwenye mkono wa kushoto na nafasi ya tisini na moja, mwenzake kaenda nyumbani na homa. Anatafuta mtu. Mshoto na Nyundo wangeingia moja kwa moja, bila kumwombea mtu mabaya.

Alirudi chumba cha kubadilishia nguo akiwa ameshaamua, au alidhani ameamua. Nyundo alikuwa amekaa kwenye benchi refu, anafunga kamba za viatu. Chumba kilinuka dawa ya misuli na taulo mbichi. Wavuni akampa mgongo, akainamia mkoba wake na kuhangaika na zipu.

"Mshoto hana mtu," akasema. "Nenda kajiandikishe naye. Bega langu nalijua mwenyewe."

Nyuma yake, kimya.

"Ukitaka tukae benchi, tutakaa. Sema tu."

Bomba la sinki lilikuwa linavuja. Wavuni akaanza kuhesabu matone. Alitaka neno moja, na hata "dirisha lifungwe" lingemtosha. Tone la nne, la tano. Akavuta zipu mpaka mwisho, akairudisha, akaivuta tena. Lilipodondoka la tisa, akauinua mkoba.

"Basi sawa," akasema, akatoka bila kutazama nyuma. Akaenda mezani kwa karani, akachukua kalamu na kulikata jina lake mwenyewe kwa mstari ulionyooka. Miaka kumi na tano, akajisemea, na mtu hana hata hapana ya kunipa. Usiku ule alilala na uchungu, mgongo kwa kitanda cha pili.

Kesho yake saa nne asubuhi alijikaza, akaenda kutazama. Angeweza kula kona na kurudi nyumbani, lakini miguu ilimpeleka yenyewe. Akakaa kwenye ngazi za saruji upande wa pili wa uwanja, uso kwa uso na mahali ambapo Nyundo angeanzishia. Jua lilikuwa jepesi, jeupe. Magari yalikuwa yanaingia na kutoka pale maegesho, na sauti zake zilimfikia kutoka mbali, kama zinatoka kwenye ndoto ya mtu mwingine. Kumwona mtu mwingine amesimama mahali pake hakukumuuma kama alivyoogopa. Ilikuwa kama kutazama kiti chake cha nyumbani kupitia dirishani.

Mshoto akapeleka mkono nyuma, akafumba ngumi.

Nyundo akautazama mkono ule. Kisha akainamisha kichwa, taratibu, kidevu karibu kiguse kifua, vile mtoto aliyelelewa vizuri anavyowaitikia wakubwa. Ndipo akaudundisha mpira. Mara tatu.

Wavuni akadhani ni bahati. Pointi ya pili, kiganja wazi, na kichwa kikainama. Ya tatu, tena. Mechi nzima, kila ishara, Nyundo aliitikia mgongo usiokuwa na macho, na hakuruka hata moja. Wavuni alikaa pale machozi yanamtiririka, na mke wa mpinzani akampa kitambaa, akidhani ameshindwa yeye.

Walishinda. Alimsubiri Nyundo kwenye ujia wa kuelekea vyumba vya kubadilishia.

"Kumbe huwa unaitikia," akamwambia.

"Siku zote."

"Kwa kichwa? Miaka kumi na tano nimekupa mgongo, we bwana, unaniitikia kwa kichwa?"

"Nikisema kwa sauti wale wa upande wa pili wanasikia." Nyundo akajifuta jasho. "Nilidhani unajua, kaka."

Wavuni akacheka mpaka bega likamchoma. Akacheka akiegemea ukuta. Halafu kicheko kikamkatikia mdomoni, maana alikuwa ameikumbuka zipu, na yale matone tisa.

"Na juzi—" akasema, akajirekebisha. "Na jana? Kule ndani?"

Nyundo akatazama viatu vyake.

"Jana nilikataa. Nilikataa mara mbili. Ukatoka. Nikakaa kidogo, nikadhani umenichoka unatafuta namna. Nilipofika kwa karani, jina ushalikata, na Mshoto yuko pale na kalamu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa mkupuo mmoja. Upande wa mbele mlango ulifunguliwa, na sauti ya Mshoto ikamwita Nyundo, kwamba ratiba ya mechi ya kesho imetoka.

"Nenda," Wavuni akasema. "Una mechi."

Akaupachika mkoba kwenye bega zima, akaanza kutembea kuelekea kwenye mwanga wa nje. Alipofika kama hatua kumi, mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya kiuno na kiganja kikafunguka. Navuka.

Akasikiliza. Hapakuwa na mpira, wala kiatu kilichokwaruza. Alijua sasa kwamba nyuma yake jibu linatolewa, na kwamba akiendelea kutembea ataweza kuchagua mwenyewe ni jibu gani.

Akageuka.

Nyundo alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, taulo shingoni, macho kwenye kile kiganja, anatikisa kichwa. Taratibu, huku na huku. Hapana.