Bandeji Niliyoifunga Mwenyewe

Nawaambia haya kwa aibu, ila huenda yakaokoa mguu wa mtu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kitengela, na hakuna kitu ninachopenda kama kueleza.

Jirani yangu, Mama Nashipae, alinionyesha kinundu kando ya kidole gumba cha mguu. Nikamchorea mguu mchangani, nikamweleza polepole kwamba kiungo kimetokeza nje, gumba limelalia vidole vingine, na viatu vyembamba vya kanisani vinazidisha. Hadi hapo nilikuwa sawa. Kisha nikajifanya fundi: nikalivuta gumba linyooke, nikalikaza kwa bandeji, nikamkataza kuifungua.

Kila nikipita nilimuuliza, "Inauma, mama?"

"Hata sisikii kitu, daktari wangu!"

Nikatembea kifua mbele wiki mbili nzima. Swali moja tu sikumuuliza.

Harufu ilipoanza, nilimpeleka kliniki. Muuguzi akafungua bandeji. Gumba lilikuwa jeusi.

"Mama, uko na sukari?"

"Miaka mingi. Hii miguu ilikufa ganzi zamani."

"Leo hii unaenda hospitali Kajiado, na huenda gumba likakatwa. Nani alikufunga hivi?"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Niliangalia sakafu. Mama Nashipae akanishika mkono, akauinua watu wote wakauona.

"Ni huyu daktari wangu. Usimgombeze, sista. Yeye hunieleza vizuri sana."