Jani la Isale Kwenye Mlango wa Giza

Mchagga akibaki mjini Krismasi, watu humwuliza anaumwa nini. Aikande alishazoea kuulizwa. Tangu msiba wa baba yake hakupanda tena gari la Marangu. Wapangaji wenzake pale mtaani Soweto wakitia makufuli na kwenda mlimani na mifuko ya mchele, yeye alibaki na ua zima, yeye na kuku wa mwenye nyumba, ambao nao sikukuu ikikaribia walizidi kupungua.

Sababu ilijulikana. Mzee wao alimwonyesha Aikande kona ya kihamba, shamba la ukoo, na kuizungushia isale, ule mmea wa mipaka, ili kila mtu ajue ni yake. Mzee alipozikwa, kaka mtu, Eliufoo, akaing'oa isale akapanda maparachichi. Ukoo ukanyamaza. Ukoo wenyewe sauti yake hutoka kwenye kugawa nyama tu.

Mjini, Aikande ni fundi wa maabara ya utafiti. Mimi naosha vyombo vya kioo hapohapo. Diploma yangu iliishia katikati kama barabara ya ahadi ya uchaguzi. Chumba chake cha kazi hakina dirisha. Kina taa moja nyekundu, na chini ya mlango amesokomeza blanketi jeusi. Humo analea bakteria wa udongo wenye protini inayohisi mwanga. Protini hiyo ina sehemu mbili: moja inanasa mwanga wa bluu, nyingine ni kimeng'enya, yaani mfanyakazi wa seli. Gizani, ya kwanza inaikalia ya pili kama mama mkwe sebuleni, hakuna anayejitikisa. Mwanga wa bluu ukiingia, ya kwanza inajipinda, kimeng'enya kinaachiwa, na kazi inaanza. Taa nyekundu hawaioni. Mwanga wa mchana wanauona, maana una bluu ndani yake. Ukiuzima, kimeng'enya kinatulia baada ya muda, lakini kilichokwisha kutengenezwa hakirudi kilikotoka.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Dokta Usha, mkuu wa utafiti, alikuwa amesafiri. Sahani za bakteria waliokaa mwangani zilikuwa zimeshapimwa. Zilibaki za gizani, zikae bila kuguswa na mwanga mpaka saa tisa, ndipo zilinganishwe. Zikiharibika, mwaka mzima wa kazi hauna cha kulinganishwa nacho. Na wa kulaumiwa angekuwa mmoja.

Ndipo akatokea mzee mwenye koti zito na viatu vya matope mekundu. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Aikande yuko?"

"Yupo gizani."

Akanitazama kama nimempa taarifa ya msiba. "Gizani wapi?"

Nikamwonyesha mlango. Akagonga. "Hodi! Aikande, ni mimi Eliufoo."

Ndani nikasikia sahani zikiwekwa chini.

"Nimekuja na isale," akasema.

Huku kwetu mtu akikuletea isale, anaomba radhi, na hukatai. Waliouliana ng'ombe wamesameheana kwa jani hilo.

"Kaka," sauti ya Aikande ikatoka karibu kabisa na mbao, "subiri mpaka saa tisa. Siwezi kufungua."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwanga utaingia."

"Mwanga? Mimi nakuletea isale, wewe unanihesabia mwanga?"

"Kuna bakteria humu, kaka."

"Unaniacha mlangoni kwa sababu ya vidudu!"

Nikajitia upatanishi. "Mzee, niachie mimi, nitampa."

"Isale si kifurushi cha basi, kijana. Inatoka mkononi kwangu inaingia mkononi kwake."

"Basi kaa, nikuletee chai."

"Mbuzi wa upatanisho amefungwa nyumbani, wazee wanangoja jibu. Nitawaambia amekataa."

"Hajakataa. Amesema subiri."

"Kwa isale, subiri ndiyo kukataa."

Akaondoka na jani lake. Aikande aliniambia baadaye kwamba muda wote huo mkono wake ulikuwa juu ya komeo.

Saa tisa akatoka, akifumba macho kwa jua.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Na isale?"

"Ameondoka nayo."

Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Mimi, nikiwa sina la maana, nikauliza vidudu vinaendeleaje.

"Havijaamka," akasema.

Krismasi yenyewe Aikande akapanda gari la Marangu. Alikuwa na isale yake kwenye kopo la rangi, dirishani kwake Soweto. Akakata jani, akalifunga fundo, akapita Himo, akafika Marangu watu wakiwa wametoka kanisani. Akasimama uani kwa kaka yake, jani mkononi.

"Hodi!"

"Subiri, nakamua!" Eliufoo akajibu kutoka zizini, bila kujua ni nani.

Akasubiri, mpaka Eliufoo akatoka na ndoo ya maziwa, akamwona, akasahau kuitua.

"Mimi ndiye niliyekosa. Mbona unaniletea wewe?"

"Nimekuja kukwambia sikukataa."

Mzee akatua ndoo, akajifuta mikono kwenye koti, akapokea. Akaligeuza lile jani jembamba, la manjano.

"Hili halijaona jua."

"Dirisha langu linatazama ukuta, kaka."

Wakapatana. Lakini alikaribishwa kwenye kiti cha wageni, na watoto wa kaka yake walimwita shangazi baada ya kuutazama kwanza uso wa mama yao. Kwenye ile kona, isale imepandwa upya, bado fupi, na imesogea ndani kidogo ya ilipokuwa. Aliiona, hakusema. Maparachichi yalikuwa yameshazaa.

Akarudi Soweto na mkungu wa ndizi ambao mtu mmoja hawezi kuumaliza. Nusu nikala mimi. Uchungu wa jirani haunizuii kula.

Sasa mlango wa chumba chake cha giza una kipande cha boksi, maneno makubwa ya kalamu nyeusi: SUBIRI. SIJAKATAA. Ameshanifundisha mpaka namna ya kuwaeleza wageni na kuwapa kiti. Kiti kipo hapo koridoni, anakipangusa kila asubuhi. Tangu boksi libandikwe, aliyegonga ni mimi peke yangu, na nilikuwa natafuta sabuni.