Betri Chini ya Kitanda cha Mzazi

Kabla sijaolewa na mtu wa nyambizi sikujua kwamba nyambizi huchajiwa. Nilidhani ni meli inayozama ikipenda na kuibuka ikitaka.

Mume wangu alikuwa kibarua wa kampuni iliyokodiwa bandarini, kusini kabisa, mbali na Johannesburg. Nyambizi ikifunga gati, waliivutia nyaya nene kutoka nchi kavu, umeme ukaingia kwenye betri zilizojaa tumboni mwake. Yeye hakuwahi kushuka ndani hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuvuta nyaya na kusimama juu kulinda. Lakini ukimsikia kwenye simu ungedhani nahodha.

"Betri ikichajiwa inatoa gesi," aliniambia. "Huioni, huinusi. Ikijikusanya mahali palipofungwa, cheche moja tu, basi. Ndiyo maana milango ya juu inaachwa wazi na feni zinavuta hewa. Juzi mwenzetu kafukuzwa gatini kwa kiberiti cha mfukoni. Hata hajakiwasha."

Nilikuwa na mimba, nimejilaza chumbani kwetu Bellevue, mtaa wa Johannesburg, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwa kwa mbao ikawa vyumba. Nilisikiliza kila neno.

Nilijifungua majira ya baridi, 2015. Shangazi wa mume wangu, anayeuza udi na khanga mtaa wa Fordsburg, akaja kunilea. Sisi watu wa Tanga mzazi hatoki mpaka arobaini. Anakandwa kwa maji moto, anafukizwa, na chumba kinafungwa upepo usimwingie. Shangazi aliziba nyufa za dirisha kwa magazeti na selotepu, kisha akaweka blanketi mlangoni. Kila jioni alikuja na chetezo chenye makaa mekundu, akatupia udi. Kwa baridi ile nilimshukuru.

Mume wangu akaja likizo amebeba betri kuukuu ya lori na chaja yake. Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa umetuchosha.

"Taa zikikatika, mwanangu halali gizani," alisema. Akaisukuma chini ya kitanda, kwa sababu Bellevue kitu ukikiacha ukumbini kinaota miguu. Akachomeka chaja, akakaa kula wali wake.

Mimi nimelala juu ya kitanda hicho na mtoto kifuani. Baada ya muda nikaisikia inachemka chini ya godoro, taratibu, kama uji. Kulikuwa na ukali fulani kooni. Mtoto akapiga chafya. Hapo hapo blanketi la mlangoni likasogea, shangazi anaingia huku anapuliza makaa.

"Shangazi, usiingie."

"Kuna nini, mwanangu? Moto utanifia."

Nikamgeukia mume wangu. "Hiyo betri inatoa nini?"

Akaacha kutafuna. Alijua. Nilimwona usoni kwamba alijua.

"Zile za bandarini ni kubwa, mama. Hii ya lori tu."

"Na chumba? Bandarini mna feni. Hapa kuna selotepu."

"Betri na udi vina ugomvi gani?" shangazi akauliza.

"Muulize mwanao, ndiye baharia. Lakini kwanza hicho chetezo kipeleke uani."

"Eish, ngoja basi ijae kidogo," akasema mume wangu.

Sikupiga kelele. Nilimfunga mtoto kwa blanketi, nikavaa kandambili, nikatoka. Shangazi aliniona napita ukumbini, nusura adondoshe makaa.

"Mzazi hatoki. Baridi itakuingia mifupani, utakuja kunilaumu."

"Itanikuta mzima, shangazi."

Jirani yetu Mkongo, msusi, akachungulia mlangoni kwake. "Mama, banakufukuza?"

"Hapana. Mimi ndiye nafukuza."

Akacheka, akanivutia kiti karibu na kitanda chake. Nikakaa hapo nikinyonyesha, na kupitia ubao nikasikia chaja inazimwa ukutani, kisha selotepu inachanwa, dirisha linafunguliwa. Mume wangu akapita mlangoni ameikumbatia betri ile, shingo imemvimba mishipa. Hakunitazama.

Asiyejua hufundishwa, sina neno naye. Huyu alifundishwa, akanifundisha na mimi. Kwa vyuma vya watu alilinda hewa. Kwa mwanawe akaona betri ndogo. Hilo ndilo lililonichoma, na bado linanichoma nikiandika.

Nilirudi chumbani hewa ilipokuwa baridi tupu. Betri ilikuwa kwenye ngazi za nyuma, waya umepita dirishani, naye amekaa juu ya kreti kando yake, amejifunika shuka, isije ikaibwa. Shangazi alikataa kunifukiza siku ile. Alisema baridi nimeshaikaribisha mwenyewe, niipikie.

"Mama," mume wangu akaita kutoka nje, polepole. "Chai ipo?"

"Ipo."

"Niletee basi."

"Mzazi hatoki," nikamwambia, nikamgeuzia mtoto titi la pili.