Kuku wa Adabu

Wasichana wa kartie, mtaa wetu huu, wakikaribia kuolewa, mama zao huwaleta kwangu. Wanafika na sabuni, au sukari imefungwa kwenye karatasi, wanasema: "Mama, mufundishe huyu mutoto namna ya kuheshimu bamukwe. Weye njo unajua." Napokea sukari, natandika mkeka, na uso wangu unawaka moto. Miaka imepita mingi na bado unawaka.

Sifa hiyo niliipatia hapahapa Kamina, Zaire ikiwa inakaribia kwisha, vyama vingi vilipofunguliwa na kila mwenye mdomo akapanda juu ya meza kuhutubia. Nilikuwa mke kijana, nimetoka kwetu Kabongo, nakaa katika uwanja wa baba mkwe wangu. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, leo yuko kwenye treni, kesho yuko kwenye treni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mzee. Mwalimu mstaafu, katekista, shati jeupe kila siku, na baiskeli aliyoipangusa kuliko alivyopangusa viatu vyake.

Kwetu kuna bukwe, miiko ya ukwe: mke hatamki jina la baba mkwe. Hamtazami usoni. Mzee akipita unageuza mgongo na kukunja magoti. Yeye naye akitaka maji hakuombi wewe. Anamwambia mtoto, na mtoto anakuambia, hata kama mmesimama karibu kiasi cha kusikia tumbo la mwenzako likinguruma. Mnaishi hivyo mpaka siku atakapokukabidhi kuku kwa mikono yake mwenyewe. Ukishampika kuku huyo mmefunguliana: anaweza kukuita, unaweza kumwandalia. Wenzangu walipewa kuku wao wakijifungua mtoto wa kwanza. Mimi nilikuwa na watatu na sijaona hata yai.

Ng'ambo ya ua wetu alikaa muuguzi, mtu wa Kasai, mkoa wa jirani. Watoto wake wote walizaliwa hapa, na watoto wa avenue nzima walipita mikononi mwake wakilia. Sisi tulimcheka Kiluba chake, yeye alitucheka Kifaransa chetu. Mkewe na mimi tulikuwa tukiazimana mwiko wa kusongea bukari, na siku nyingine hatukukumbuka tena mwiko ni wa nani.

Basi mtoto wa wifi yangu akashikwa na homa. Wifi huyo, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa amerudi kwa baba yake, na mtoto yule ndiye alikuwa furaha ya mzee. Alasiri moja yenye mvua tulimfunika kitenge, tukavuka ua mbio. Muuguzi alimgusa shingo, akamfunua macho, akaliangalia sanduku lake la dawa, hakulifungua.

"Hapana," akasema. "Minyi simupige sindano. Mutoto amezidiwa sana. Mumupeleke ku lopitalo ya baze, sasa hivi. Musingoje."

Hospitali ya baze, kule kwenye kambi ya wanajeshi, ni mbali, na baiskeli mzee alikuwa nayo kwenye mkutano wa chama. Nikamtuma mwanangu mkubwa, maana mimi singeweza kwenda kumwambia. Mtoto akarudi amelowa: "Babu anasema mungoje kidogo, zamu yake ya kuhutubia imefika." Tukangoja. Mzee akahutubia, na nimeambiwa walimpigia makofi sana. Baiskeli ilipofika, wifi alipanda nyuma na mtoto kifuani, na mtoto akamfia njiani, hata uzio wa baze hawajauona.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mvua, baiskeli, na sanduku ambalo halikufunguliwa. Nayajua kwa sababu nilikuwa pale.

Sasa, siku ya kumaliza matanga, mkubwa wa ukoo husimama na kusema kitu gani kimemchukua marehemu. Akishasema, watu wote mkekani wanajibu "Eyo vidye," yaani ndiyo, mkubwa. Kuanzia hapo hakuna anayebishia habari hiyo. Si desturi mbaya. Bila hiyo watu wangetafutana uchawi mwaka mzima.

Mzee alisimama, macho mekundu. Alimlilia mtoto yule kweli, msifikiri alikuwa akiigiza. Nafikiri alitafuta kinywani mwake neno "baiskeli" akashindwa kulitoa. Na pembeni yake walikaa wenzake wa chama, wale waliokuwa wakitangaza kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai wamekuja kutumaliza. Akasema:

"Ni sindano ya jirani. Amemupiga mutoto sindano, mutoto amekufa."

"Eyo vidye," mkeka mzima ukajibu. Nami nikajibu. Na wifi yangu akajibu, aka! Mama aliyempakata mtoto magotini mbele ya sanduku lililofungwa! Vinywa vilijibu kabla vichwa havijaulizwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Labda kwenu. Njia hii ilianzia mkekani ikafika sokoni kabla nyanya hazijapangwa. Huko sindano moja ikawa nyingi, na nyingi zikawa sanduku la sumu lililoletwa na treni. Vijana wa chama walikuja mchana kweupe, jua linawaka, wakiimba. Walipanda juu ya nyumba ya muuguzi wakang'oa mabati, wakayapokezana chini kama mafundi waliolipwa. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika. Jandarme walipofika walikamata mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yeye. Wakamtia kasho kwa kuua mtoto. Mkewe na watoto wakakimbilia gare, wakakaa chini pamoja na wengine wengi wa Kasai waliokuwa wakingoja treni na vyungu vyao.

Mke wake alinikuta kwenye robine, najaza ndoo.

"Mama," akasema, "weye ulikuwa pale."

Nikamwambia nitakwenda kwa jaji. Nilisema kwa moyo wote, na ndoo ikajaa mpaka ikamwagika miguuni mwangu.

Jaji alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake cha kujifunza, kimechanganyika na Lingala. Alinisikiliza ofisini kwake, kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani.

"Mama, ukisema hakukuwa sindano, namufungua. Ile iko mwepesi. Lakini inje batamungoja. Bantu bameshaamini. Lazima mwenye kuanzisha uongo atajwe, ajibu mbele ya bote. Hapo njo huyu munganga atarudi ku nyumba yake. Bila ile, kwake ni treni tu. Umesikia?"

Nilisikia. Sitasema leo kwamba sikuelewa.

Siku ya kesi chumba kilijaa hadi madirishani. Wake za wanajeshi wa baze, wanaokuja mjini kuuza, walikuwa wamesimama na mabeseni yao kichwani. Muuguzi alikaa pembeni, mkono umefungwa kwa kipande cha shuka. Na kwenye benchi la mbele, ubavuni mwa chumba, shati jeupe, alikaa baba mkwe wangu.

Niliingia na kitenge kichwani, nikakunja magoti, nikampa mzee mgongo. Kwa kufanya hivyo nikampa jaji ubavu.

"Mama, tribunali iko huku," jaji akasema. Watu wakacheka.

Nilisema yote. Mvua, shingo ya mtoto, sanduku. "Hakulifungua. Alisema tumupeleke ku lopitalo." Sauti yangu ilitoka safi, hata mimi nilishangaa. Muuguzi alifumba macho na kuitikia kwa kichwa taratibu, nami nikajiona mtu kweli, mtu mwenye uti wa mgongo.

"Muzuri," jaji akasema. "Sasa, nani njo alisema kuko sindano?"

Nikakivuta kitenge mpaka kwenye nyusi.

Karani wake alikuwa mtoto wa hapa. Aliinamia meza yake, hakuinua uso. Alijua.

"Mama, kartie yote inajua. Hata minyi najua. Lakini sheria haisikie minong'ono, inataka kinywa cha muntu. Nani?"

Nyuma yangu nilimsikia mzee akikohoa. Kikohozi kidogo tu, kile cha kutaka maji. Miaka yote kikohozi hicho kilinifanya nikimbilie mtungi. Na nyuma ya watu nikasikia wamama wakinong'ona kwa huruma: "Ni bukwe. Maskini, atataja namna gani?"

"Hamujui?" jaji akauliza.

Nikainamisha kichwa. Akamwambia karani: andika, shahidi hajui. Nikasikia kalamu ikikwaruza, na nikaiacha iandike.

Muuguzi alifunguliwa siku hiyohiyo, na mambo yakawa kama jaji alivyosema. Langoni vijana wa chama walimngoja. Jandarme wawili walimsindikiza, si nyumbani, moja kwa moja mpaka gare. Hakuna aliyeulizwa habari ya mabati. Hakuna aliyeulizwa habari ya mkono. Uongo ulibaki bila baba, na kitu kisicho na baba kila mtu hukilea. Mpaka leo utasikia mtu hapa akisema, bila hasira, kana kwamba anasimulia mavuno: "Wakati ule wa munganga mwenye kuua batoto kwa sindano."

Niliwapelekea huko gare bukari na samaki wa kukauka kutoka Lualaba. Walikuwa wamepakiwa kwenye behewa la mizigo, watu juu ya magodoro, magodoro juu ya masufuria. Muuguzi alikula kwa mkono wa kushoto. Alinishukuru! Mungu wangu, mtu yule alinishukuru.

"Aksanti sana, mama. Weye njo ulisema. Bengine bote balinyamaza."

Walipomaliza mkewe aliiosha sahani yangu kwa maji kidogo waliyokuwa nayo kwenye kopo, maji ya safari, akaipangusa kwa kitenge chake. Akashuka kunirudishia. Alisogea karibu ili mumewe asisikie.

"Kwetu pia kuko bukwe, mama," akasema. "Minyi pia sitaji jina ya baba mukwe yangu. Lakini jina tu njo inakatazwa. Kusema 'baba ya bwana yangu,' ile hakuna mwenye kukataza."

Akapanda tena.

Nilisimama na sahani safi mkononi. Baba ya bwana yangu! Maneno niliyoyasema kila siku ya Mungu sokoni: baba ya bwana yangu hapendi chumvi nyingi, baba ya bwana yangu anataka samaki mkubwa. Desturi ilikuwa imeniachia mlango wazi, nami nilisimama mbele yake nikisema umefungwa. Haikuwa heshima. Ilikuwa woga. Niliogopa kurudishwa Kabongo na vitenge vyangu, watoto wangu wabaki kwa mzee, kama alivyokwisha kumfanyia mke wa mwanawe mkubwa. Woga huo nauelewa hata leo. Lakini nilivyouvika nguo ya adabu mpaka watu wakaupigia magoti, hilo linaniaibisha kuliko woga wenyewe.

Nilipofika nyumbani mzee alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Mikononi mwake alishika kuku, jike, mweupe, mnene, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikageuza mgongo haraka.

"Geuka, mutoto yangu," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. "Kamata. Weye njo mukwe mwenye adabu."

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni, na uso wake ulikuwa wa mzee aliyechoka tu, hana kucha wala pembe. Nikampokea kuku kwa mikono miwili, nikakunja magoti, nikasema aksanti. Nikamchinja, nikampika na sombe ya majani ya muhogo, tukala wote pamoja. Nilikuwa na njaa na kuku alikuwa mtamu. Hilo nalo lazima niliseme.

Mume wangu aliporudi alikuwa ameshapata habari huko treni inakosimama, kwamba mkewe amekwenda mbele ya jaji na hakumvunjia baba yake heshima. Alifurahi. Ukoo wote ulifurahi. Mzee aliishi miaka mingi, nikimwandalia chakula mkononi. Alikufa kitandani mwake, hakuna tribunali iliyomwita tena. Kwenye matanga yake walisema ni moyo. Tukajibu "Eyo vidye."

Basi wanakuja, hao wasichana. Nawafundisha kitenge, magoti, namna ya kuweka maji bila kuinua macho. Mwisho nasema: "Na siku jaji akikuuliza, mutoto yangu, unasema: baba ya bwana yangu. Unasema kwa nguvu." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanadhani ni mzaha wa bibi kizee.

Juzi mmoja hakucheka. Msichana mwembamba, macho makavu, anaolewa huko Malemba-Nkulu. Akanitazama sawasawa, akauliza:

"Na weye, mama? Ulisema?"

Mama yake akampiga kofi begani. "Nyamaza! Banauliza bakubwa hivyo?" Akanigeukia, ananiomba msamaha, anausogeza mfuko wa sukari karibu na goti langu.

"Hapana," nikamjibu msichana. "Sikusema."

Mama yake akatabasamu, akamgusa bintiye kiwiko. "Umesikia? Njo adabu ile," akasema.